Boti za Bangkok: namna ya kulipa nauli ya haki ukiwa mgeni

Watu wetu wanaenda sana Bangkok, Thailand, siku hizi, wengine wanafuata nguo Pratunam na Bobae, wengine mambo ya vito, wengine wametoka tu na familia kutembea, na wengi wakirudi utawasikia wanalalamika kwamba boti za kule ni ghali balaa. Jamani, boti za Bangkok ni kati ya usafiri wa bei rahisi kabisa utakaoupata kwenye jiji kubwa vile. Kinachokula hela ya mgeni ni kupanda boti isiyokuwa ya safari yake, tena kwa kupelekwa na mtu ambaye boti yenyewe sio yake. Hilo ndo nataka nilielezee vizuri hapa, nani anatoza nini pale mtoni na kwa nini, ili ukifika usimame sehemu sahihi na hela sahihi mkononi.

Kwanza kabisa kabla hujauliza bei ya boti yoyote jiulize mwenyewe, mimi hapa nataka kufika sehemu au nataka kutembezwa? Hivi ni vitu viwili tofauti na vina bei mbili tofauti kabisa. Ukitaka kufika sehemu unapanda boti ya abiria, unakaa na wafanyakazi wanaotoka kazini na wanafunzi na watawa wa Kibuda waliovaa yale mashuka ya njano, unalipa walicholipa wao. Ukitaka kutembezwa unakodi chombo na nahodha wake na mafuta yake na muda wake, hapo lazima ulipe zaidi na ni haki yake. Tatizo la wageni wengi ni kwamba wanataka kufika tu, labda wavuke ng'ambo kwenda kuona hekalu, halafu wanauziwa kutembezwa.

Tuanze na mto mkubwa, Chao Phraya. Ukishuka treni ya juu ya BTS kituo cha Saphan Taksin unatembea dakika mbili tu unaingia gati ya Sathorn, ndo gati kuu. Pale boti zinatofautishwa kwa rangi ya bendera. Ya kwako wewe mtu wa kawaida ni bendera ya rangi ya chungwa, nauli ni moja tu, baht 16, ushuke gati ya pili au uende mpaka mwisho kule Nonthaburi ni hiyo hiyo. Baht 1 ipige kwa shilingi 80 hivi za Tanzania au 4 za Kenya utapata picha, yaani buku na jero haiishi unapita mji mzima kwa maji. Ipo bendera ya njano pia, bei yake inapanda kidogo, inakimbia zaidi na inaruka magati mengi, hiyo ni ya wafanyakazi asubuhi na jioni.

Bendera ya bluu ndo boti ya watalii. Sio wizi, naomba nieleweke, ni huduma halali kabisa, ina viti vingi na mtu anatangaza kwa Kiingereza mnapita wapi, na ipo tiketi ya siku nzima ya baht 150 unapanda na kushuka utakavyo. Lakini ukiteremka tu zile ngazi Sathorn meza utakayokutana nayo mbele ni ya kwao, wafanyakazi wao wanakuita kwa nguvu, na mgeni anadhani hiyo ndo tiketi pekee iliyopo. Piga hesabu yako. Kama siku hiyo utapanda na kushuka mara tano sita, ya bluu inaweza kukufaa hasa ukiwa na wazazi au watoto. Kama unaenda ikulu ya zamani ya mfalme na kurudi, yaani mara mbili tu, baht 150 ya nini? Mwambie hapana asante, nyoosha mbele, tafuta foleni yenye bendera ya chungwa.

Ndani ya boti ya chungwa konda mara nyingi ni mama mmoja ameshika kopo refu la chuma, ndani kuna sarafu na roli za tiketi, analichezesha kach kach kach anapita katikati ya watu waliobanana, na kifuniko cha kopo hilo hilo ndo anachanilia tiketi. Akisimama mbele yako mpe hela ndogo. Usimpe noti ya 1,000 kwa nauli ya 16, hana chenji na foleni nzima inakusubiri wewe. Kabla hujaenda mtoni ingia 7-Eleven yoyote, zipo kila kona, nunua maji uvunje hela upate noti za 20 za kijani na sarafu. Nasisitiza hili la chenji maana nusu ya kuzidishiwa bei duniani inaanzia hapo hapo, mtu hana hela ndogo, ya kwake inachukuliwa "baki nayo tu".

Kuvuka ng'ambo ni rahisi zaidi. Gati ya Tha Tien, pale karibu na hekalu la Wat Pho, kuna kivuko kinakwenda Wat Arun upande wa pili, baht 5. Tano tu. Kinakwenda kinarudi siku nzima kama pantoni la Kigamboni, unalipa dirishani unapita. Sasa hatua chache kutoka hapo utakutana na mtu mwenye picha zilizowekwa kwenye plastiki, anakuambia Wat Arun ni mbali, unahitaji boti, baht mia kadhaa kwa kila mtu. Hekalu lenyewe unaliona kwa macho yako limesimama ng'ambo pale pale! Mshukuru, tembea mpaka kwenye dirisha la baht 5.

Maeneo ya ikulu kuna mchezo mwingine, na huu ni wa zamani sana ila bado unakamata watu kila siku. Unatembea kuelekea ikulu, mtu nadhifu kabisa, shati limepigwa pasi, pengine ana kitambulisho shingoni, anakuuliza unatoka nchi gani, anafurahi kusikia Tanzania au Kenya, halafu kwa masikitiko anakuambia leo ikulu imefungwa mpaka mchana, kuna ibada, lakini usijali kuna boti nzuri ya kuzunguka mifereji wakati unasubiri. Anakuitia na tuktuk ya bei ya kutupa ikupeleke gatini. Pale gatini ndo unatajiwa baht elfu mbili, elfu tatu. Ikulu iko wazi karibu kila siku kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na inapofungwa kweli unaambiwa getini, na wafanyakazi wenye sare. Kwahiyo hata akuapie, wewe nenda mpaka getini.

Elewa kwa nini ile boti imekuwa elfu tatu. Nahodha hapati elfu tatu. Yule mwenye shati la pasi ana chake, wa tuktuk ana chake, gati binafsi ina chake, na nahodha aliyechoma mafuta anaambulia kipande. Ndo maana nasema bei ya haki mara nyingi inapatikana kwa miguu yako tu, nenda gatini mwenyewe, ongea na wenye boti wenyewe. Ukipelekwa na dalali wa aina yoyote, hata mtu wa mapokezi hotelini, kuna mtu wa tatu ndani ya nauli yako.

Sasa ukitaka kutembezwa kweli, na nakushauri ufanye hivyo japo mara moja, maana mifereji ya upande wa Thonburi, ng'ambo ya mto, ni sehemu nzuri mno, nyumba za mbao zimesimama juu ya maji, bibi anaosha vyombo kwenye ngazi, kenge wakubwa wanaota jua ukingoni, na ukipita mfereji wa Bangkok Yai unaliona sanamu kubwa la Buddha la Wat Paknam, urefu wake mita 69, limemalizika 2021, linachungulia juu ya mapaa ya nyumba. Boti za huko ni zile nyembamba ndefu zenye injini ya gari kabisa imefungwa nyuma kwenye mhimili, na bomba refu linalobeba pangaboi mpaka majini. Injini ile inakunywa mafuta haswa. Kwahiyo usiende na akili ya baht 16 kwenye chombo kile, utamkosea mwenzio.

Bei ya kukodi boti nzima kwa saa moja inacheza kwenye baht 1,000 mpaka 1,500, kutegemea gati, ukubwa wa boti na msimu. Nimesema boti nzima. Hapa ndo pa kukaza, maana bei ya chombo kama hiki ni ya chombo na muda, haihusiani na vichwa, mafuta ni yale yale mkiwa wawili au sita. Ukiambiwa elfu moja na mia mbili, uliza hapo hapo, ya boti au ya mtu? Wageni wengi wanakubali bei wakidhani ni ya boti, wakirudi wanaambiwa zidisha kwa wanne. Toa simu, andika kwenye kikokotoo 1200, onyesha boti yote kwa mkono, onyesha watu wako wote, andika saa 1, mwoneshe. Akitingisha kichwa kukubali, upige picha huo mwandiko mbele yake kwa heshima tu, bila ugomvi. Wanakubali bila tabu walio wengi.

Na uliza haya kabla hujakanyaga boti. Tunapita wapi, tunasimama wapi na dakika ngapi, ada ya kushuka kwenye gati nani analipa (baadhi ya magati binafsi yanatoza baht 20 hivi kwa mtu), na muda wa kusubiri kwenye mageti ya maji unahesabika au hauhesabiki. Hili la mwisho wageni hawalijui kabisa. Kati ya mto na mifereji kuna mageti ya kuzuia maji, boti zinaingia zinasubiri maji yalingane ndo zinafunguliwa, na siku yenye foleni unaweza kukaa pale robo saa nzima ukiangalia ukuta wa zege huku saa yako moja inakatika. Mkubaliane kabisa kwamba saa moja ni ya kutembea. Mvua zikiwa kubwa mifereji mingine inafungwa, sasa hapo akikwambia njia imebadilika anasema kweli, ila na muda ujadiliwe upya kabla ya kuondoka, sio mkirudi.

Malipo yawe mwisho. Akitaka mapema kwa ajili ya mafuta mpe nusu, iliyobaki mkirudi salama. Na jaketi la kuokolea omba hata kama wengine hawajavaa, hilo ni sehemu ya huduma uliyolipia.

Huko kwenye mifereji anaweza kuja mchuuzi na mtumbwi wake, nahodha anapunguza mwendo, unauziwa soda na feni za karatasi na halafu unaambiwa mnunulie na nahodha kinywaji. Sio lazima. Ukipenda mnunulie, ukiona bei ni mara tatu ya dukani sema hapana na tabasamu, hakuna atakayekushusha. Mimi naona ni bora hela hiyo hiyo umpe nahodha mkononi mwisho wa safari akikutembeza vizuri, inamfikia yote.

Kitu kingine, tafuteni wenzenu. Kwa sababu bei ni ya boti, ukiwa peke yako subiri pale gatini dakika kumi, utaona wageni wengine watatu wanauliza kitu hicho hicho, ungeni, kila mmoja anatoa mia tatu na nahodha anapata elfu yake na zaidi bila kupunguzwa hata senti. Hii ni nzuri kuliko kumbana mtu mpaka alfu moja yake iwe mia sita.

Na hapa niseme kitu kwa wenzangu wa Kariakoo na Gikomba tuliozoea kukata bei hadi mwisho. Kupunguziwa kidogo ni sawa na wenyewe wanategemea, ukitajiwa 1,500 ukajibu 1,000 mkakutana 1,200 wote mmecheka. Lakini yule bwana amekaa gatini tangu asubuhi kwenye zamu, anatoa fungu la gati, ananunua mafuta, injini ikifa ni yake. Akishuka chini ya gharama yake atafidia mahali fulani, atakata njia, atakimbiza boti mrudi dakika thelathini na tano, au jaketi hazipo. Baht mia moja ni kama shilingi elfu nane za kwetu. Usiue siku yako nzima kwa hiyo.

Kwa wale wafanyabiashara, mfereji wa Saen Saep ndo rafiki yenu na wengi hamuujui. Boti zake zinapita katikati ya jiji kabisa, zinaanzia Phanfa kule mji wa kale, gati ya Bobae ipo, na Pratunam ndo pa kubadilishia boti. Yaani asubuhi unanunua Bobae, mchana upo Pratunam, na nauli ni baht ishirini hivi, kwa umbali mfupi hata chini ya hapo, huku foleni ya magari juu imekufa. Watalii ni wachache na hakuna wa kukulangua. Ila boti haikusubiri, inagusa gati, watu wanaruka, inaondoka, kwahiyo na mabegi makubwa ya mzigo achana nayo chukua gari. Konda anatembea pembeni kabisa ya boti nje, amevaa helmeti, ameshika kamba, madaraja ni ya chini mpaka paa la boti linashushwa. Ukikaa pembeni vuta ile plastiki juu kwa kamba boti nyingine ikipita, maji yale ni machafu usiyaombe usoni. Mwambie konda unashuka wapi, mpe hela ndogo, basi.

Masoko ya kwenye maji nayo. Damnoen Saduak ndo maarufu, iko mkoa wa Ratchaburi kama kilometa 100 kutoka Bangkok, na ndo sehemu mgeni anayopigwa kuliko zote. Dereva uliyempata bei nzuri hakupeleki sokoni, anakupeleka kwenye gati binafsi kilometa kadhaa kabla, anakuambia kuanzia hapa ni boti tu, na boti hiyo ni baht elfu, elfu mbili na zaidi kwa kichwa. Soko linafikika kwa gari na kwa miguu! Unatembea kandokando ya mfereji unaona kila kitu, na ukitaka boti ya kupiga kasia ipo hapo hapo sokoni kwa mia chache tu. Kabla hujamlipa dereva mwambie wazi unataka kushushwa sokoni penyewe, fungua ramani kwenye simu mfuatilie. Akikata kona kabla ya soko muulize palepale. Kama unakaa Bangkok wikendi na huna haja ya picha ya Damnoen, nenda soko la Taling Chan ndani ya jiji, au la Amphawa nje ya jiji ambako wenyeji wenyewe wanakwenda kula Ijumaa hadi Jumapili, kuna boti za jioni za kuangalia vimulimuli mnachangia viti, haifiki baht 100 kwa mtu.

Angalia na saa. Boti za abiria zinapungua jua likizama, na Saen Saep wikendi inafunga mapema. Ukiachwa gatini usiku ndo bei inapanda kwa sababu wanajua huna pa kwenda. Una pa kwenda, toka barabarani ita gari kwa programu ya simu, au tembea mpaka treni.

Ikitokea umekubaliana bei moja na mwisho unadaiwa nyingine, usipandishe sauti, kule kufoka mbele za watu kunaharibu kila kitu. Onyesha ile picha ya kikokotoo, toa kiasi mlichokubaliana, na mwambie unapiga 1155, hiyo ni polisi wa watalii na wanaongea Kiingereza. Mara nyingi ukitaja tu namba hiyo mambo yanaisha.

Kwingineko ni kanuni hizo hizo na tofauti ndogo. Venice kule Italia bei ya gondola imewekwa na mji wenyewe, tangu 2023 ni euro 90 kwa dakika 30 mchana, na kuanzia saa moja usiku ni 110 kwa dakika 35, ni ya boti nzima mpaka watu watano, nyimbo hazimo. Ukitaka tu kuvuka ule mfereji mkubwa kuna gondola za kuvushia za euro 2, watu wanaziruka kwa kutojua. Boti ya abiria mgeni analipa euro 9.50 na mwenyeji mwenye kadi analipa kidogo sana, hilo lisikuumize, hata kwetu Dar kwenda Zanzibar mgeni ana bei yake na mwenyeji ana ya kwake, bei imeandikwa ukutani kwa wote kuiona. Istanbul nunua kadi ya Istanbulkart siku ya kwanza, unagonga unavuka Eminönü kwenda Kadıköy kama raia yeyote, huna haja ya wale wanaokushika mkono wakiuza safari ya Bosphorus.

Dubai wengi mnapajua, kuvuka Creek kwa abra, zile boti ndogo za mbao, kati ya Deira na Bur Dubai ni dirhamu 1. Inabeba watu ishirini hivi, mmekaa mgongo kwa mgongo, nahodha yuko katikati kwenye shimo lake, na majahazi ya mizigo yamejipanga upande wa Deira. Shika sarafu yako kabisa, unampa yeye mwenyewe mkononi. Ukisimama pale gatini atakuja mtu kukuuliza "private boat?", hiyo ni ya kukodi chombo kizima, kwa miaka mingi imekuwa dirhamu 120 kwa saa na bei inabandikwa kituoni, kwahiyo ukitajiwa mia mbili kwa nusu saa mpeleke kwenye kibao msome pamoja. Na kama ni kuvuka tu kwenda kwa mwenzio upande wa pili, ipite, shuka ngazi fuata wale wanaoenda kazini, boti ikijaa inaondoka.